Kamba Iliyogeuka Almasi

Nilishuka mnara wa pili wa kamba ya vigari mikono yangu ikiwa safi.

Fundi wa kamba hashuki na mikono safi. Ukiishika kamba yetu hata kidogo tu, unatoka na weusi wa kinywe, ule mkaa laini wa penseli, viganjani kama mtu aliyekuwa anachagua mkaa gunia zima, na weusi ule hautoki kwa sabuni wala kwa dua. Mama yangu kule Usangi alishakata tamaa na mashuka yake ya wageni. Sasa asubuhi ile nimeikumbatia kamba pale inapolalia gurudumu la mnara, nimeipapasa, nimeipangusa, nimeshuka ngazi zote, najitazama viganja: vimetakata kama vya mtoto mchanga. Nikajisemea, Nakundwa, leo kuna jambo.

Nikapanda tena. Wapare tunasemwa kwa mengi, lakini uvivu hamjawahi kutusingizia. Safari hii nilibeba kipima umeme. Nyuzi za kamba yetu hupitisha umeme bila kinyongo. Ukigusisha ncha mbili, taa inawaka. Nikagusisha uzi wa kwanza, ikawaka. Wa pili, ikawaka. Wa tatu, kimya. Nikahamia nyuzi za chini yake: kimya, kimya, taa, kimya. Nikabandika midomo kwenye uzi mmoja uliokataa. Baridi! Jua limeupiga tangu lichomoze, na bado ulikuwa unanyonya joto la midomo yangu kama barafu.

Nikaubana kwa koleo ili nikate kipande cha kwenda nacho. Haukukatika. Ulivunjika, tik, kama njiti ya kiberiti.

"Almasi," nikasema kwa sauti, peke yangu huko juu na upepo. "Mama yangu wee, kamba imegeuka almasi."

* * *

"Mangi, funga kamba."

"Salamu kwanza, Mpare."

"Salamu baadaye. Funga kamba."

Ndekirwa Tarimo, meneja wa Stesheni ya Chini, niliyemwita Mangi, chifu wa Kichaga, kwa utani, alikuwa amevaa suti nyeusi na hakuwa na nafasi ya kukaa. Nje, kwenye jukwaa la kupandia, msiba ulikuwa umeshafika: marehemu Mzee Anaeli Ngowi, aliyekufia mjini, anarudishwa Juu akazikwe kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Mchaga anaweza kuishi popote duniani, lakini kuzikwa ni nyumbani. Na tangu mvua kubwa zilipoula mlima na kuacha lile korongo, nyumbani kwao Juu hakufikiki ila kwa kamba yetu, au kwa miguu siku mbili, kushuka na kupanda, na mguu mmoja ukikosea hutafutwi.

Lakini si msiba uliokuwa unamtoa Tarimo jasho. Ni Manka, bintiye. Manka alikuwa Juu, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Mganga wa zahanati ya Juu alishasema: ashushwe leo akapasuliwe, la sivyo tutawakosa wote wawili. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa mlangoni, injini inanguruma.

Na vigari vyetu ni viwili kwenye kamba moja, kama ndoo mbili za kisima kimoja. Hiki kikipanda, kile kinashuka. Msiba ukipanda, Manka anashuka.

"Nyuzi za mnara wa pili zimegeuka almasi," nikamwambia.

Akacheka. "Almasi? Kwenye kamba yangu? Basi mimi ni tajiri, na wewe Mpare umeniambia bure! Kweli leo Wapare mnaugua."

"Mangi, sikutanii."

"Wiki iliyopita ulisema panya wa Kichaga wametafuna nyaya wakitafuta sarafu."

Nilisema. Sikatai. Mpare na Mchaga ni watani tangu babu wa babu zetu, na mimi sijawahi kuuacha utani ulale njaa.

"Uliwaambia nini siafu baada ya ile radi ya vuli iliyoipiga kamba?" nikamuuliza.

Siafu ndio wanaoishika kamba. Ni vimashine vidogo mno, macho hayavioni, maelfu kwa maelfu. Wanakula kinywe tunachowapakia kwenye vikopo vya minara, wanakifuma kuwa nyuzi, na uzi ukichakaa wanauziba. Wanatii neno. Unawaambia kwa Kiswahili, wanafanya.

"Niliwaambia kamba iwe ngumu."

"Kwa neno hilo hilo? Ngumu?"

"Wewe ungesemaje?"

Na kweli, ningesemaje? Mama akinunua kitenge anauliza, hiki ni kigumu? Hamaanishi kwamba kitamkwaruza mwenye duka. Anamaanisha kitavutwa, kitafuliwa, kitabebea mtoto mgongoni na kitadumu. Sisi wote tunasema hivyo. Viatu vigumu, kamba ngumu, roho ngumu. Lakini siafu walifunzwa maneno na watu wa maabara, na kwa watu wa maabara ngumu ni kitu kimoja tu: kinachokwaruza vyote na chenyewe hakikwaruzwi. Na juu ya ngazi hiyo imeketi almasi peke yake.

"Sikiliza," nikasema, nikichukua chapati mbili kwenye sahani yake ya chai. "Kaboni ni moja. Mkaa wa jikoni, kinywe, kamba, almasi, ni chembe zile zile. Kinachobadilika ni namna zinavyoshikana mikono. Kinywe kimepangwa hivi, chapati juu ya chapati. Ndani ya chapati chembe zimeshikana sana, lakini chapati na chapati hazijuani, zinateleza. Ndiyo maana kinywe kinachafua mkono: umeondoka na chapati ya juu." Nikaviringisha moja. "Siafu wanachukua chapati moja nyembamba, wanaiviringisha kuwa mrija. Mirija mingi ikisokotwa pamoja ndiyo kamba. Inavutwa, inapinda, inarudi. Almasi je? Almasi kila chembe imeshika wenzake wanne, pande zote, hakuna anayemwachia mwenzake nafasi. Haipindi hata kidogo. Ukiilazimisha, inapasuka. Na kamba kazi yake nini, Mangi? Pale kwenye gurudumu la mnara kamba inapinda kila kigari kinapopita!"

Aliitazama chapati yake mkononi mwangu. Nadhani kidogo aniamini. Kisha honi ya gari la wagonjwa ikapigwa nje, na akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Mpare, nina msiba jukwaani na mwanangu yuko juu anakufa. Utani tutakuja kufanya kesho." Akatoka.

* * *

Sheria ya kamba inampa meneja funguo za vigari. Fundi mkuu anapewa jambo moja tu, nalo ni amri ya kulegea. Ukiitoa, siafu wote wanaacha kufuma na kuanza kufumua: kamba nzima, kutoka Chini mpaka Juu, inarudi kuwa kinywe, inalainika na kulala polepole korongoni. Iliwekwa kwa sababu kamba iliyovutwa vile ikikatika ghafla inarudi kama mjeledi, na sokoni Chini pamejaa watu. Lakini ikishalegea haikazwi tena. Ni kufuma upya, miezi, na huko Juu watu wangekaa bila dawa, bila chumvi, bila njia. Na Manka miongoni mwao.

Kwa hiyo sikuitoa. Nilikimbilia jukwaani, nikapita katikati ya waombolezaji, nikajilaza chali mbele ya jeneza, mlangoni kabisa pa kigari.

Kicheko kilichopasuka pale! Hata wajane walicheka. Mtani msibani ana haki zake: atazuia jeneza, ataingia kaburini kabla ya marehemu, atavaa koti la maiti, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Anakombolewa kwa chochote, anaondoka.

"Mpare kashafika!" akapiga kelele Aikande, binti wa marehemu, macho yamevimba kwa kulia na bado anacheka. "Mpeni makande aondoke! Au anataka kutupeleka mahakamani?"

Soda ikawekwa kifuani kwangu. Kanga. Mtu akadondosha sarafu kwenye jeneza, upande wa kichwa, akasema, "Baba, amka, hela hizo." Wakacheka tena.

"Kamba itakatika!" nilipiga kelele nikiwa chini. "Mnara wa pili! Mtakufa nyote!"

"Tutakufa kwa ubahili wako!"

"Naongea kweli, jamani!"

"Mpare akiongea kweli, mvua ya mawe inanyesha!"

Nililia. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimelala kwenye saruji na soda kifuani, machozi yananiingia masikioni, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyosifia: huyu mtani anajua kazi.

Tarimo akaja kuniinua. Alipoinama nikamshika mkono, nikamtia ule uzi kiganjani. "Kunja," nikamwambia. "Usiniamini mimi. Kunja tu."

Amekaa na kamba ile tangu inafumwa. Uzi wa kamba anaujua: unaufunga kidoleni kama uzi wa pamba. Akaukunja kwa kidole gumba. Tik. Akaukunja uliobaki. Tik. Vipande vikang'aa kiganjani, na nilimwona akitazama si vipande bali kiganja chenyewe, jinsi kilivyokuwa safi. Akajipangusa kwenye suti na kujitazama tena.

"Nyuzi ngapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Nyingi. Na siafu wanaigana; zinaongezeka."

"Manka je?"



* * *

Tuliwaambia watu wa msiba wangoje. Tarimo alitaka kigari cha Chini kipande kitupu, kile cha Juu kishuke na Manka na mkunga tu. Uzito mdogo kuliko wote unaowezekana. Kingepita?

"Huenda," nikasema. "Sijui, Mangi. Kweli sijui."

"Asipokuja atakufa. Hilo tunalijua."

"Basi mwambie. Aamue mwenyewe."

"Nimwambie nini? Yuko kwenye uchungu! Unataka aje huku anatetemeka?"

"Nataka ajue anapanda nini."

Akaniangalia kwa chuki, kisha akanipa simu. "Mwambie wewe."

Sauti ya Manka ilikuja kwa vipande, anahema. "Shangazi Mpare! Baba kasema mmechelewa. Mnahesabu nini huko?"

"Manka, sikiliza mwanangu. Kamba ni mbovu. Pale mnara wa pili imegeuka almasi, inaweza kukatika ukiwa ndani."

Akacheka. Na uchungu wake ule, akacheka. "Almasi! Shangazi, hata leo? Basi niletee kipande nimvishe mtoto."

Nilikuwa nimeshasema kweli. Nimeitamka yote, kwa Kiswahili, na amesikia. Ningeweza kuiacha hapo, aingie kigarini akiwa na tabasamu, na nisingekuwa nimemdanganya. Tarimo alikuwa ananiashiria kwa mkono: acha, acha, inatosha. Nami nilitamani sana iwe inatosha.

Lakini mtani ana jambo moja asilolifanya. Haapi. Akiapa, utani umevunjika, na haijulikani kama utarudi.

"Manka," nikasema. "Naapa kwa kaburi la baba yangu."

Nikasikia upepo wa Juu, na mkunga akiuliza kuna nini.

"Kweli, Shangazi?" Sauti imekuwa ya mtoto.

"Kweli. Inaweza kupita, inaweza isipite. Ukibaki, mganga anasema..."

"Najua anachosema mganga. Nimelala mbele yake." Uchungu ukaja, tukausubiri wote watatu upite. "Mkunga asipande. Nakuja peke yangu. Mwambie baba asimame pale nimwone nikifika."

Tukawasha. Kigari cha Chini kikaondoka kitupu, na huko juu, kidogo kama punje ya mtama, cha Manka kikajitokeza kwenye ukungu. Kamba yetu ikifanya kazi ina mngurumo wake, wa chini, unausikia kwenye meno. Vigari vilipokaribia mnara wa pili mngurumo ukabadilika. Ukalia, tiiing, kama bilauri iliyogongwa kijiko. Kisha chini ya gurudumu la mnara kitu kikaanza kudondoka, chembechembe, zinametameta kwenye jua.

"Loo, tazameni!" wakasema wale wa msiba. "Kuzuri kama sikukuu!"

Mimi niliuma kiganja cha mkono wangu mpaka nikaonja damu. Ilikuwa ni kamba ile inayodondoka.

Kigari kikapita mnara. Kikaja. Kikagusa jukwaa, mlango ukafunguliwa, Manka akatolewa amelowa jasho, akamshika baba yake shingoni. Mama yake, aliyekuwa akimngoja jukwaani, akaingia naye kwenye gari la wagonjwa na wakaondoka kwa kasi. Tarimo alipiga magoti pale pale kwenye saruji akalia kwa kwikwi, na watu wakapiga vigelegele msibani.

* * *

Ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi. Kisha nikamsikia Aikande.

"Dada Nakundwa. Si imeshikilia?"

Nikageuka. Jeneza lilikuwa limeshainuliwa mabegani. Tarimo alikuwa anajipangusa macho, anatafuta funguo, uso wote unacheka.

"Imeshikilia, Mpare! Wewe mwanamke kidogo uniue kwa presha. Kigari kilichomleta mwanangu kitampeleka baba yao."

"Mangi, zile zilizodondoka ni nyuzi. Umeziona."

"Nimeona. Zimedondoka ngapi? Zote?"

"Sijui."

"Zilizobaki haziwezi kubeba safari moja?"

"Sijui."

"Itakatika lini?"

"Sijui, Mangi! Sijui!" Ndiyo taabu ya ukweli wangu ule, kila aliyeugusa alikuta sijui. Wao walikuwa na kitu walichokiona kwa macho: msichana amepita, amefika.

"Umemruhusu wa kwake," akasema Aikande. Hakupiga kelele. "Huyu wetu ameshakufa, hawezi kufa tena. Na sisi tumekubali. Tumesikia ulivyoapa, na tumekubali. Si ulisema mtu aamue mwenyewe?"

Hilo lilinipata. Nililisema, tena mbele ya baba mtu. Manka alikuwa akichagua kati ya kifo na huenda. Hawa je? Walikuwa wanachagua kaburi la nyumbani, na nani mimi wa kulipima kaburi la mtu? Lakini walikuwa watu arobaini na watoto wao, na sokoni palikuwa na wengine ambao hakuna aliyewauliza.

Wakaanza kuingia. Jeneza kwanza. Mama mmoja akawa anamsogeza mtoto akae dirishani aone korongo.

Nilikwenda kwenye kisanduku cha amri cha mnara wa kwanza, hapo hapo jukwaani, nikafungua kifuniko, nikaweka kidole gumba. "Kamba yote," nikasema. Sauti yangu sikuitambua. "Legea."

Haikulia mlio wowote. Mwanzo ilipoteza mng'ao, ikawa ya kijivu, kisha ikaanza kushuka taratibu kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi. Vumbi jeusi likatanda juu ya korongo lote, likaja kwetu, likatua juu ya kanga nyeupe, juu ya maua, juu ya jeneza. Sakafu ya jukwaa ikawa telezi mara moja. Wanaume wazima walianguka kifudifudi wakijaribu kunifikia, wakainuka weusi, wakaanguka tena. Hakuna aliyecheka. Saa nzima ilikuwa inashuka, na saa nzima tulisimama tukiitazama.

Simu ya Tarimo ikalia. Akasikiliza, akafumba macho. "Wa kike," akamwambia Aikande. "Wazima wote." Nilikuwa nimesimama karibu nao kiasi cha kuwagusa, na hakunitazama.

Aikande ndiye aliyekuja kwangu, vumbi limemjaa kope.

"Ingekatika?"

Nikaangalia korongoni. Kamba yote ilikuwa kinywe sasa, ile mbovu na ile nzima, chapati juu ya chapati, na hakuna kipimo duniani ambacho kingeonyesha ipi ilikuwa ipi asubuhi.

"Sijui," nikasema. "Na haitajulikana tena."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akawageukia ndugu zake. "Twendeni kwa miguu."

Walitoa jeneza kigarini, wakakata miti ya kubebea, wakagawana zamu. Watoto na wazee wakabaki. Mimi nikashika mti wa nyuma kushoto. Mtani ndiye mchimba kaburi, hilo haliombewi ruhusa. Hakuna aliyenizuia. Tulipofika mdomoni mwa korongo, mabega yameanza kuuma, nikajaribu. Nikasema kwa sauti, "Jamani, mzee mzito hivi! Mmemweka na benki yake humu?"

Miguu tu ndiyo iliyosikika, na mawe yakiporomoka.

"Shika vizuri, Injinia," Aikande akaniambia kwa upole, bila kugeuka. "Njia inateleza."

Nikashika vizuri. Nilingoja mtu anitukane Upare wangu, mteremko wote ule, na hakuna aliyenitukana.